Picha Iliyobaki Ukutani Wakati wa Chakula

Mwaka 2008 nilikuwa mtu wa kujisikia sana, na kilichonitia kiburi ni projekta. Msicheke. Tajiri wangu, Singasinga mwenye duka la kukodisha vifaa vya mikutano mjini Nakuru, alikuwa ameagiza projekta mpya yenye mwanga mkali ambao mimi sikuwa nimewahi kuuona. Zile za wenzetu zilitaka mapazia yafungwe na taa zizimwe, watu wakae gizani wakisinzia. Yetu ungeiwasha saa sita mchana, madirisha wazi, na picha ikakaa ukutani bila wasiwasi. Ilibebwa na watu wawili, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kuiendesha. Niliitaja nyumbani mpaka mke wangu akaniambia nihamie dukani nikalale nayo.

Tajiri alinipa masharti mawili. La kwanza, taa isizimwe ovyo, maana ikikatwa ghafla ikiwa moto inaweza kupasuka. La pili, wageni wakienda kula, picha ibaki ukutani. "Wacha waone wakitafuna," aliniambia. "Wataulizana hii ni ya nani." Hilo la pili nililipenda zaidi.

Miezi michache baada ya vurugu za uchaguzi tulikodishwa na shirika lililokuwa likiwasaidia wakimbizi wa ndani. Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa hoteli, na walioalikwa walikuwa wafadhili, wachungaji, machifu na wahadhiri wawili watatu kutoka chuo kikuu kule Njoro. Asubuhi nilipewa picha zilizopigwa kambini nizionyeshe wakati wa hotuba. Zilikuwa nyingi, na mimi mwenyewe nikachagua moja ya kubaki ukutani saa ya chakula: mwanamke aliyejifunga leso ya njano, ameketi mbele ya hema, bakuli tupu mkononi, uso umekunjamana kwa kilio. Niseme ukweli, kilio sikukitazama. Nilitazama ile njano. Kwenye projekta duni njano hutoka rangi ya matope, lakini kwenye yetu ilikuwa inawaka.

Saa saba watu wakaacha viti na kupanga foleni kwenye meza za chakula, nyuma ya ukumbi huohuo. Wahudumu wakaingia na trei. Mmoja wao, mama wa makamo, alisimama ghafla katikati ya ukumbi na jagi la maji mkononi, macho ukutani. Nilifurahi. Nilidhani anashangaa ukali wa mwanga.

Akaja mpaka kwenye meza yangu, akainama kama anayetaka kunimiminia maji.

"Kijana, toa hiyo picha," akasema kwa sauti ya chini.

Hapo ndipo nilipomtazama usoni. Alikuwa yule wa ukutani.

"Hawa nafanya nao kazi hawajui niko camp," akaendelea. "Niliwaambia nakaa mtaa wa Kaptembwo. Mimi huitwa siku kwa siku, na supervisor alishasema watu wa camp hataki, eti tuko na mambo mingi. Akijua, kesho haniiti."

"Mathe, hii mashine haizimwi ikiwa moto. Taa inapasuka."

"Sijasema uzime. Weka ingine."

Alikuwa na akili kunishinda. Kubadilisha picha kulikuwa kubonyeza kitufe kimoja cha kompyuta, na kidole changu kilikuwa karibu nacho. Lakini mabwana wawili wenye suti walikuwa wamesimama karibu na ukuta na sahani zao, mmoja akionyesha dirisha lililo wazi, kisha picha, kisha dirisha tena. Nilijua wanazungumzia mwanga. Nilitaka waje waniulize.

"Imepangwa hivyo na wenye mkutano," nikamwambia. "Mimi sina ruhusa."

Huo ulikuwa uongo mtupu. Wenye mkutano hawakunipangia chochote.

"Tafadhali," akasema. Nikajifanya narekebisha waya.

Akarudi kwenye meza za chakula, akashika upawa, akaendelea kuwapakulia watu huku ameinamisha uso. Mmoja wa wale mabwana akaenda kuongezewa nyama. Akamtazama, akatazama ukuta, akamtazama tena.

"Si huyu ndiye yule!" akasema kwa sauti, amefurahi kweli kweli.

Ukumbi mzima ukageuka. Mtu mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata. Mshereheshaji, chakula kikiwa bado mdomoni, akachukua kipaza sauti na kumwita mama yetu aje mbele atusalimie, atoe ushuhuda kidogo. Supervisor alikuwa amesimama mlangoni, mikono amekunja.

Mama akaenda na upawa wake mkononi. Akasimama chini ya uso wake mwenyewe, uliokuwa mkubwa kuliko mlango, akakunja macho kwa ule mwanga niliokuwa nikijivunia.

"Chakula kinapoa," akasema. "Karibuni mkule."

Wakacheka, wakampigia makofi tena. Walidhani ni unyenyekevu. Mpiga picha wa shirika akataka kumpiga picha pamoja na ile ya ukutani, akaniashiria nisiiondoe, nami sikuiondoa. Kwa miaka mingi nimejaribu kujiambia kwamba nilishikwa na bumbuazi. Sikushikwa na chochote. Bwana mmoja alikuwa amekuja kuniuliza duka letu liko mtaa gani, nami nilikuwa namwelekeza.

Sijui kama mama yule aliitwa kazini kesho yake. Nilirudi hoteli ile mara kadhaa kwa kazi nyingine, na kila mara nilihakikisha sitazami upande wa jikoni. Aibu hiyo ninayo mpaka leo, wala sitafuti wa kunipunguzia.

Mkutano ulipokwisha, wageni wakaondoka, nikabaki nakunja waya huku nikisubiri mashine ipoe. Nikasikia hatua. Alikuwa yeye, ameshika sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Akasogeza waya zangu pembeni taratibu, akaiweka mezani pamoja na uma uliofungwa kwa karatasi ya kupangusia.

"Wewe hujakula," akasema. "Nilikuona umekaa tu na hiyo kitu yako."

Angengoja kidogo tu, pengine ningesema neno. Kwa kweli alingoja. Alisimama pale akipangusa mikono kwenye aproni, na mimi nikafunua sahani ili nipate pa kutazama. Kulikuwa na wali, ndengu, na vipande vitatu vya nyama, vikubwa. Akaenda kukusanya glasi. Nilikuwa na njaa, nikala vyote.