Mkwe Wangu Alivyonyamaza Uwanjani

Mkwe wangu ni Mhispania. Kwao alicheza mpira madaraja ya chini, katika timu za miji ambayo hata Wahispania wenzake hawaijui. Asubuhi alibeba matofali, jioni alifukuza mpira. Akaja Louisville, huku Marekani, kucheza, akamkuta binti yangu mtaani kwetu Shively, nikakubali wakaoana. Goti lilipomharibikia wakahamia mji wa Columbus, akawa msaidizi wa kocha. Kisha hapa mjini Buffalo wakampa timu yake mwenyewe. Mimi niliwafuata kote.

Siku ya kwanza kunisalimia, alinibusu mashavu yote mawili. Kwetu Fizi, Kongo, mkwe hamgusi mama mkwe, hali naye chakula, wala hapazi sauti mbele yake. Nilijifungia chumbani hadi jioni. Binti yangu akamfundisha, na mtu yule akishika jambo ameshika. Tangu hapo nikiingia sebuleni anainamisha macho, anatoka kwa mlango wa nyuma, hata kama theluji imefika magotini. Nilimpenda kwa hilo.

Msimu uliopita timu yake ikawa inashinda ugenini, nyumbani inapigwa. Wenye timu wakamwambia: mechi ya mwisho ni hapa hapa, ukifungwa katafute kazi kwingine. Binti yangu alikuwa amechoka kufunga maboksi ya kuhama.

"Bon, mama," akaniuliza tukipika sombe, majani yetu ya muhogo, "mechi za hapa unaenda zote?"

"Zote. Nakaa mbele kabisa, mkwe wangu anione."

"Na yeye anafanya nini?"

"Anasimama kimya, mikono nyuma. Ana adabu."

"Mama! Kocha gani anasimama kimya? Wachezaji wanamwita bubu! Ni wewe unamfunga mdomo."

Nikafikiri basi nibaki nyumbani, yaishe. Lakini mkwe anayekukimbia maisha yake yote huyo si mkwe, ni mpangaji. Na kwetu njia ipo: mama mkwe akipika kuku, akala naye, mwiko umefunguka. Mimi nilikuwa nimechelewa tu kwa sababu heshima ile ilikuwa tamu.

Siku ya mechi nikabeba kuku kwenye sufuria, nikamfuata uwanjani pamoja na binti yangu kabla wachezaji hawajatoka. Nikaketi kwenye benchi lake. Nikang'oa paja, nikalitafuna mbele yake, nikampa la pili. Akamtazama mkewe. Mkewe akatikisa kichwa kukubali. Akala mpaka akalamba vidole.

"Haya," nikamwambia. "Sasa piga kelele."

Akapiga! Kwa Kihispania, kwa Kiingereza, na kwa maneno fulani ya Kiswahili ambayo bado namtafuta aliyemfundisha. Walishinda kwa bao moja la kichwa. Kazi ikabaki, na binti yangu akayachana yale maboksi, akayatupa.

Siku hizi tunakula meza moja. Anasema sombe yangu ina chumvi nyingi, na anasema kwa sauti. Namjibu kwa sauti ileile, ale anyamaze.