Sufuria la Sista Agnes

Siku niliyoripoti kazini Korogwe nilivaa suruali ya kijivu niliyoishonesha Dar es Salaam kwa ajili ya siku hiyo hiyo, na cheti changu cha shahada ya uhandisi nilikiweka ndani ya bahasha, nikaibana kwapani kana kwamba kuna mtu angekidai mlangoni. Hakuna aliyekidai. Meneja wa Karakana, mzee mnene mwenye sauti ya taratibu ambaye sote tulimwita Bwana Meneja, alivitazama viatu vyangu, akaniuliza habari za safari, kisha akanipeleka nyuma ya jengo, tukapita kando ya greda bovu na lundo la springi za malori.

"Wewe umesoma," alisema. "Haya, lisome na hili."

Mbele yetu lilisimama karavani la alumini. Kwa ninyi vijana ambao hamkuyaona, karavani ni nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Hili lilikuwa limeumbwa mviringo, pembe zake zote zimelainishwa, ndiyo maana mafundi waliliita Yai. Lilikuwa la mpima ardhi mmoja wa mashamba ya mkonge, aliyelala humo porini wakati wa kazi zake, akaondoka muda mfupi baada ya Uhuru. Tangu hapo kuku walikuwa wamehamia. Matairi yalikuwa yameoza, mlango ulining'inia kwa bawaba moja, na alumini ilikuwa imefifia hadi kufanana na jivu.

"Linafaa kwa kazi gani, Bwana Meneja?"

"Ukiwauliza wanunuzi wa chakavu wa Kabuku, linafaa kuyeyushwa. Ukimwuliza Sista, linafaa kuwa zahanati. Wewe utatuambia nani kati yao anaota ndoto."

Sista alikuwa muuguzi mkunga, Sista Agnes, mwenyeji wa milima ya Usambara, mwanamke mfupi aliyetembea haraka kuliko wanaume warefu. Miaka ile watu wa Handeni walikuwa wanahamia katika vijiji vya ujamaa. Nyumba zilijengwa, mashamba ya pamoja yakalimwa, lakini zahanati zilichelewa. Wajawazito walibebwa vitandani hadi Korogwe, na Sista alikuwa amepokea wengi ambao walifika wakiwa hawana tena haja ya mkunga. Hakulisema jambo hilo kwa machozi. Alilisema kama mtu anayeeleza kwamba daraja limevunjika.

Mganga Mkuu wa Wilaya alikubali kulijaribu wazo lake, kwa sharti moja aliloliweka mbele yetu sote pale karakana. "Sista, dawa na chanjo haziwezi kukaa penye unyevu. Nakupa masika haya. Karavani likikaa kavu, ni lako. Likivuja, nitawapa watu wa barabara wafanye ofisi yao."

"Halitavuja, Daktari," Sista alijibu, kisha akanigeukia mimi ambaye nilikuwa sijamaliza hata kujua choo cha karakana kiko wapi. "Au siyo, Mhandisi mwanangu?"

Nilisema ndiyo. Ningesema nini?

Nilipewa fundi wa mabati, Mzee Kibwana, Mzigua wa upande wa Kabuku, aliyekuwa amezoea mabodi ya mabasi na ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Tulianza kwa kulivua. Mabati ya alumini hushikiliwa kwa ribiti, yaani pini fupi zinazopondwa kichwa pande zote mbili. Ukitaka kuzitoa huzipigi nyundo. Unatoboa kichwa chake kwa keekee, polepole, maana alumini ni laini na tundu likipanuka hulirudishi. Tulipoyafungua mabati tukakuta mbavu za mbao zilizolishika umbo zimeliwa na mchwa, zimebaki kama biskuti. Tulichonga mbavu mpya kwa mvule. Sakafu tuliiweka upya. Ekseli tuliitoa kwenye tela la shambani, ikainua karavani juu zaidi, kwa kuwa lilikuwa limeundwa kwa barabara za lami na sisi tulikuwa tunalipeleka kusikokuwa hata na kifusi.

Jambo moja nililisisitiza, na ninyi mnaoanza kazi mlishike. Alumini na chuma havipendani. Vikigusana penye unyevu, alumini huota unga mweupe na kuliwa taratibu hadi itoboke. Kwa hiyo kila mahali ambapo fremu ya chuma ya chini ilikutana na bati, tuliweka kati yake kipande cha mpira kilichokatwa kutoka tyubu kuukuu. Kugonga ribiti kulihitaji watu wawili: mmoja nje na nyundo, mwingine ndani akishikilia kipande kizito cha chuma nyuma ya ribiti ili ipondeke. Mimi nilikuwa mwembamba, kwa hiyo ndani palikuwa pangu.

"Shahada imeingia ndani ya yai!" Mzee Kibwana alipiga kelele kutoka nje. "Tuombe Mungu itaanguliwa."

"Piga nyundo, mzee."

"Napiga. Wewe usilale humo, kuna joto la kuatamia."

Kisha tukalifanya la kisasa kwa kazi yake mpya. Tulikata mlango wa pili upande wa pili, kwa sababu Sista alitaka mama aingie mbele na kutokea nyuma bila kupita katikati ya watu wanaosubiri. Bati la karavani ndilo linalobeba uzito wake. Ukilikata ovyo, mwili wote unalegea. Niliuzungushia mlango ule fremu ya mvule mnene, na lile bati tulilolikata nikalihifadhi darini mwa karakana bila kujua kwa nini, isipokuwa kwamba miaka ile hatukutupa kitu. Tuliweka kitanda, pazia, tangi la maji, beseni la kunawia na friji la mafuta ya taa kwa ajili ya chanjo.

Ikabaki mishono, yaani pale bati linapolalia bati. Gundi ya asili ya kuziba mishono hiyo ilitoka ng'ambo, na ng'ambo haikuwa inatuletea kitu. Mzee Kibwana akachemsha lami, akaikoroga na nyuzi laini za katani, nasi tukaipaka katika kila mshono. Karavani likawa na mistari myeusi kama macho yaliyotiwa wanja. Tulilimwagia maji kwa mpira wa bustani kutwa nzima. Halikuingiza hata tone, na Sista akalizunguka akiligusagusa.

Safari ya kwanza tulikwenda Kwedizinga, karavani likiwa nyuma ya Land Rover. Wanawake walikuja na watoto migongoni, wengine na matumbo yao, wakakaa upande wenye kivuli. Mabibi walilizunguka karavani na kunong'ona kwa Kizigua, kisha mmoja wao, aliyeitwa Mama Zubeda, mwenye mtandio wa njano na mamlaka kuliko mwenyekiti wa kijiji, akamwuliza Sista, "Sasa hili sufuria lako kubwa, unalilaza wapi?"

"Litalala hapa hapa kwenu, mama. Mimi nitakwenda vijiji vya jirani na Land Rover, nitarudi."

"Hapa kwetu?"

"Kwenu."

Mama Zubeda akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekabidhiwa mgeni. Sisi wa karakana tukarudi Korogwe tukiimba.

Masika yakaanza. Mganga Mkuu wa Wilaya alikwenda Kwedizinga kujionea, nami nikafuatana naye. Tulifika mawingu yametanda giza, tukaingia ndani ya karavani mbio bila kulitazama kwa nje, na mvua ikatukuta humo. Kwanza tone lilianguka juu ya pazia. Kisha juu ya blanketi. Kisha maji yakateremka ukutani kwa mstari mmoja mrefu hadi kwenye kasha la bandeji, na Sista akalifunika kasha lile kwa mwili wake, kama mtu anayemkinga mtoto.

Daktari hakukasirika, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Sista, tulikubaliana," alisema kwa upole. "Watu wa barabara watakuja kulichukua barabara ikikauka."

Habari zilipofika karakana, Bwana Meneja alimwita Mzee Kibwana. "Lami yako imeyeyuka, mzee?"

"Lami yangu?" Kibwana alivua kofia. "Bwana Meneja, lami yangu iko kwenye mabasi yanayokwenda hadi Arusha. Iulizeni lami imekwenda wapi. Haikwenda yenyewe."

Tulikwenda kuiuliza. Jua lilikuwa limetoka, na karavani la Kwedizinga lilikuwa linang'aa hivi kwamba ilibidi nifumbe jicho moja. Halikuwa tena na rangi ya jivu. Ningeweza kunyoa ndevu mbele yake. Na katika mishono hapakuwa na mstari hata mmoja mweusi. Mzee Kibwana alipitisha ukucha katika mshono, ukatoka safi.

Mama Zubeda akaja kutupokea, mikono imejaa majivu hadi kwenye viwiko. "Shikamoo, mzee. Mnaliona? Mlituletea likiwa na masizi, tukaona aibu. Mgeni atasema wanawake wa hapa hawajui kukwatua sufuria."

Mzee Kibwana aliutazama ukucha wake, kisha akaitazama mikono ya Mama Zubeda.

"Mliyatoaje, mama?" niliuliza. "Yale masizi yalikuwa magumu."

"Magumu kweli! Majivu yalishindwa, mchanga ukashindwa. Ndipo kila nyumba ikatoa mafuta ya taa kidogo, tukalowesha katani, tukasugua zamu kwa zamu. Kila anayekuja kupimwa anasugua kipande chake kwanza."

Ninaomba mlielewe hilo vizuri. Mafuta ya taa yalikuwa adimu. Kulikuwa na nyumba zilizokula chakula cha jioni gizani ili zitoe kikombe kimoja. Walilipa kwa giza lao ili kuondoa kitu pekee kilichozuia mvua.

Nilimshauri Sista awakataze. Daktari naye, alipopelekewa habari, alisema hivyo hivyo: tangazo, na mgambo mmoja wa kulinda. Sista alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, niliwaona wakisugua, nikadhani wanang'arisha bati tu. Lakini walipokuja mara ya kwanza walikaa mbali wakinitazama. Sasa wanakuja mapema kupata kipande cha kukwatua, na wakishasugua wanaingia. Nikiwafukuza na majivu yao, watabaki nyumbani na mimba zao. Wewe ni mhandisi. Nitengenezee karavani linalosuguliwa."

Sikuwahi kupewa agizo la kazi lililo wazi kuliko hilo, wala baadaye. Vitabu vyangu vilinifundisha kukadiria mvua, upepo, mtikisiko na uzito. Hakuna kilichotaja mapenzi ya watu kama nguvu inayochakaza bati.

Tulilivuta hadi Korogwe kabla watu wa barabara hawajafika. Nilikumbuka lile bati lililokatwa mlangoni. Mzee Kibwana alilichana vipande virefu vyembamba, akakunja kingo zake. Tulipaka lami upya, safari hii chini ya vile vipande, tukavilaza juu ya kila mshono na kuvigonga ribiti zenye vichwa bapa. Lami ikafichika kabisa. Kwa ndani tukaziba mara ya pili. Nje hapakuonekana weusi wowote. Palikuwa na alumini tu, tayari kwa majivu. Bati lilitosha kwa kubana sana, na kipande cha mwisho kilikuwa kifupi, tukaongezea kifuniko cha sufuria alichokitoa mke wa Bwana Meneja baada ya mabishano.

Daktari alikubali kulijaribu mara moja zaidi, akisema wazi kwamba anafanya hivyo kwa heshima ya Sista. Tulilirudisha karavani Kwedizinga, tukamkuta huko, mawingu yameshuka. Aliketi kitandani ndani ya karavani, kofia magotini, macho juu. Mvua ikashuka kwa kishindo, kisha ikatulia ikawa ya kudumu. Tulikaa. Sista alisimama kando ya kasha la bandeji, mikono nyuma. Hapakudondoka kitu.

Kisha tukasikia sauti nyingine, ya kukwaruza, chini kidogo ya dirisha. Ikahamia upande wa pili. Zikawa mbili, zikawa nyingi.

"Nini hicho?" Daktari aliuliza.

"Wanasugua, Daktari," Sista alisema.

"Katika mvua?"

"Maji ya bure."

Daktari alipitisha kiganja ukutani, kikatoka kikavu. Alisikiliza kwa muda, mvua na katani vikisuguana juu ya bati lile lile. "Basi waacheni," alisema, akavaa kofia.

Nilihamishwa baadaye: Mtwara kwenye magreda, Dodoma kwenye visima, kisha makao makuu, ambako nilisimamia karatasi zaidi ya vyuma. Nilifanya kazi chini ya wakubwa wengi, wengine wema, wengine si kitu. Niliomba kustaafu mapema, nywele zangu zikiwa bado nusu nyeusi, kwa kuwa nilitaka kuandika mambo haya nikiwa ninayakumbuka. Nimesanifu madaraja yanayoonekana kwenye ramani. Kila nilipoyasanifu nilijiuliza swali ambalo halikuwa kwenye vitabu: watakaolipenda watalifanya nini? Mara nyingi sikupata jibu, na mara mbili tatu nililipata nikiwa nimechelewa.

Mwaka niliostaafu nilipita Kwedizinga. Sista Agnes alikuwa amekwisha kuzikwa kwao milimani. Karavani lilikuwa halina tena magurudumu. Limekalishwa juu ya matofali kando ya zahanati mpya, na humo ndimo watoto hupimwa uzito. Vichwa vya ribiti vilikuwa vimelika hadi kuwa laini kama sarafu kuukuu. Mfadhili fulani alikuwa amelipaka rangi ya buluu, na rangi ile ilikuwa imebaki juu tu, mahali ambapo mikono haifiki.

Nilinyoosha kiganja nilishike.

"Baba, samahani," alisema mwanamke kijana aliyechuchumaa upande wa pili, mtoto mgongoni, katani mkononi. "Hapo nimeshamaliza. Utaniachia alama."

Nikaurudisha mkono wangu mfukoni.