Pengo la Msemaji wa Saba

Mwaka juzi chuo kimoja pale Kilifi kilinipa kandarasi ya kuzungumza na wafanyakazi wake, nimwandikie kila mmoja ukurasa wa kuwekwa kwenye tovuti. Maswali nilipewa tayari, yamepigwa chapa: Kazi yako ni nini? Utaalamu wako ni upi? Umma unafaidika vipi? Maswali makavu kama muhogo wa juzi. Nikajiongezea la kwangu, ambalo nililiuliza mwisho, daftari likishafungwa: Ni jambo gani katika kazi yako ambalo humwambii mtu?

Swali hilo ndilo lililoniponza.

Wa kwanza alikuwa mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi, bwana wa kutoka bara mwenye viatu vinavyong'aa hata kwenye vumbi la Kilifi. Alinieleza habari za chumvi na mawe ya matumbawe, nikaandika. Nilipofunga daftari akashusha sauti. Alisema kiko kisima upande wa Gede, mbali na ufuo kiasi kwamba bahari huisikii, lakini maji yake hupanda bahari ikijaa na kushuka bahari ikipwa. Sababu anaijua, huifundisha kila muhula: mwamba una matundu, na bahari husukuma chini kwa chini. "Lakini nikiinama pale na kamba yangu ya kupimia, nasikia kinavuta pumzi," aliniambia. "Siku hizi nikifika napiga hodi kwanza. Usiandike hiyo, madam." Sikuiandika.

Wa pili, mtunza wadudu, alikiri kwamba kila Ijumaa jioni huwageuza vipepeo wake waliochomwa pini watazame ukuta, wasimwone akiondoka. Niliwacheka wote wawili nikielekea kununua chai. Mimi ni mtu wa kucheka haraka, na wa kukasirika haraka zaidi, na sikuwa nimejua bado kwamba zamu yangu imefika.

Wa tatu alikuwa msimamizi wa maabara ya lugha. Alikuwa mwanamke wa Malindi mjini, amenizidi miaka michache tu, na kalamu ameichomeka ndani ya mtandio karibu na sikio. Ofisi yake ilikuwa chumba kisicho na dirisha, kuta zimebandikwa sponji, na ndani yake kijumba kidogo cha kioo cha kurekodia. Ukiingia humo mlango ukafungwa, unasikia tumbo lako mwenyewe. Nilimuuliza utaalamu wake ni upi.

"Utaalamu wangu ni kimya, dadangu," alisema.

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Alinieleza kwamba pale huwafundisha Kigiriama wauguzi na maafisa wa kilimo wanaotoka sehemu nyingine, watakaokwenda kufanya kazi vijijini. Miaka ya nyuma mwalimu mmoja, ambaye sasa amehama na makaratasi yake yote, aliwakusanya wazee tisa wanaosema lugha safi. Majina yao hayakubaki, zimebaki namba: msemaji wa kwanza hadi wa tisa. Kila mzee aliwekwa ndani ya kile kijumba, akasalimia kama anayemsalimia mtu aliye mbele yake. Aliuliza swali moja, akanyamaza pumzi nne ili mwanafunzi ajibu, akaendelea na la pili. Mwanafunzi huvaa hedifoni, huulizwa, hujibu ndani ya pengo.

"Maneno wale wazee waliyajua toka kwa mama zao, mimi sina langu humo," alisema. "Kazi yangu ni pale wanaponyamaza. Na usidhani kimya ni kimya tu. Mtu anayengoja ana kimya chake, na mtu aliyesahau ana chake. Nikifunga macho nakwambia huyu anangoja, huyu keshaanza kufikiria nyumbani atapikiwa nini."

Nikafunga daftari, nikauliza lile swali langu. Aligeuka akatazama kile kijumba kama kuna mtu ndani.

"Yuko huyu wa saba," alisema. "Wanafunzi hawampendi. Anauliza, umeamkaje mwanangu, kisha ananyamaza. Ananyamaza, ananyamaza. Mwanafunzi anajibu, na yeye bado kanyamaza. Anajibu tena, mzee yuko palepale. Mmoja alivua hedifoni akaniambia, mama, huyu mzee hanisemeshi mimi. Anamsemesha mtu aliye nyuma yangu."

Wiki iliyofuata, alisema, walikuwa wanaingiza mtambo mpya, nao hukata wenyewe kila kimya kinachozidi pumzi nne, ila auzuie kwa mkono. Wakubwa wamemwachia aamue. "Hebu msikilize uniambie, wewe si mtu wa huku? Nimkate au nimwache?"

Nikavaa hedifoni. Kwanza kiti kililia. Kisha mtu akakohoa mara mbili, kikohozi kifupi cha kusafisha koo, na mwili wangu ulikijua kabla ya akili. Halafu sauti, kwa lugha yetu, ambayo hapa naiweka kwa Kiswahili:

"Umeamkaje, mwanangu?"

Na kimya. Ndani ya kile kimya kulikuwa na pumzi ikipita kwenye pua yenye mluzi mdogo upande mmoja. Nilivua hedifoni kama mtu aliyeungua, nikaziweka mezani, na hata pale mezani niliona kama bado ananingoja. Nilimwambia yule dada kwamba huyu ni baba yangu, na kwamba tulimzika Tezo, huu ni mwaka wa sita.

"Innalillahi," alisema, akaketi. Kisha akasema: "Namkumbuka. Alikuja na koti, na jua lile. Sentensi hiyo aliirudia mara tatu. Nikamwambia, mzee wangu, pumzi nne zatosha. Akaniambia, huyu huchelewa kuitikia. Mimi nikadhani anasema wanafunzi."

Sasa lazima niseme nilichomfanyia baba, maana bila hilo haya mengine ni hadithi ya mitambo tu.

Nilikuwa nimeokoka, na wokovu wangu ulikuwa mpya na wa moto, wa kumnyooshea kila mtu kidole. Baba yeye alishika ya wazee. Mwaka ule aliandaa kuwamiminia tembo la mnazi koma, yaani wazee wetu waliotangulia, kwa sababu mama yake alimjia ndotoni akimwambia ana kiu. Tembo lenyewe liligemwa alfajiri, likawekwa ndani ya kibuyu kando ya kaburi la bibi. Mimi nikatoka nyumbani mbele ya wajomba na majirani, nikakiinua kile kibuyu, nikakimwaga mchangani mbali na kaburi, nikaimba pambio. Baba hakunipiga wala hakunitukana. Alikiokota kibuyu, akakifuta mchanga kwa kiganja.

Kesho yake nikipita mbele ya mlango wake kwenda kazini aliniuliza kama siku zote: Umeamkaje, mwanangu? Sikumjibu. Nilijiambia sijibizani na giza. Na huku kwetu, kumnyima mzazi salamu ni kumzika akiwa hai. Aliendelea kunisalimia kila asubuhi, kwa sauti ileile, karibu miaka miwili, na kila asubuhi mimi nilipita nimekaza shingo. Ilikuwa kiburi, si dini. Hasira zilikwisha ndani ya mwezi mmoja; kilichobaki ni aibu ya kuanza. Kisha asubuhi moja hakukuwa na mtu mlangoni.

Ile wiki ya kungoja mtambo ilinitesa. Askari wa lango la chuo aliniuliza, "Habari ya asubuhi?" nami nikajikuta nahesabu: pumzi moja, mbili, tatu, nne, huku yeye akinitazama. Muuza chai vilevile. Kila mtu aliyenisemesha aliacha pengo, na ndani ya kila pengo nilisikia mluzi ule wa pua. Sikupenda tena kutembea mbele za watu. Nilipokuwa peke yangu nilikuwa na hakika kwamba nimeulizwa jambo, na kwamba aliyeuliza hajaondoka.

Jumamosi nikaenda Tezo kwa mama. Nilimkuta kivulini nyuma ya jiko anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza yote. Hakushtuka.

"Lile koti nililipiga pasi mimi," alisema.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia saa ngapi, na wewe ulikuwa hupiti ukasimama?"

Aliendelea na mahindi yake, punje zinalia ndani ya ungo. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa ameniambia tangu mazishi. Baba humjia. Haombi chakula wala tembo, kama koma wengine. Husimama penye kona ya nyumba, na mama akimwuliza anataka nini, hamtazami. Hutazama njia, ile niliyokuwa nikipita kwenda kazini.

"Nifanyeje sasa?" nilimuuliza.

"Usiitike." Alisema haraka, kama aliyekuwa na jibu tayari. "Wewe umeokoka lakini umezaliwa hapa, wajua. Ukiitwa na mtu humwoni, huitiki. Koma akikuita ukamwitika, umeikubali safari."

"Basi wakate kile kimya. Mtambo utakikata wenyewe, yaishe."

Mama akauweka ungo chini. "Wakikikata, atakuwa anauliza na kuondoka papo hapo, kama mtu asiyetaka kujua. Baba yako hakuwa hivyo, mwanangu. Miaka miwili, na hakuwa hivyo."

Akaurudia ungo wake. Nilibeba maneno yake hadi Kilifi, na yalikuwa mawili yasiyokaa chungu kimoja: usiitike, na usiwaache wakate. Niliogopa. Siioni sababu ya kujifanya shujaa. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, msomi, mwenye kadi ya kanisa, na niliogopa kuvaa hedifoni.

Jumanne nilikuwa mlangoni kwa yule dada kabla hajafungua. Mtambo mpya ulikuwa umekwisha kufungwa mezani, taa yake ya kijani inawaka. Wasemaji sita walikuwa wamekwisha kupita ndani yake.

"Shughuli imefika kwa mzee," alisema. "Jana nilihesabu kile kimya chake. Pumzi kumi na tisa. Nimeshika kazi hii miaka mingi, sijaona mtu akingoja hivyo." Akanisogezea karatasi ya maswali waliyosomewa wazee wote tisa ili wayaulize, ili nijue linalofuata. "Mimi nitakuwa nje ya kioo. Mtambo nimeuzuia usikate wenyewe, na mkono wangu uko kwenye kitufe cha kukata. Ukinipa ishara nikate, nakata. Usipoonyesha kitu, nakuja kukuuliza."

Nikaingia kwenye kijumba. Kiti kilikuwa kilekile. Kilipolia chini yangu nilikitambua. Mlango ukafungwa, nikasikia tumbo langu, nikasikia damu masikioni. Nikavaa hedifoni.

Kiti kikalia tena, ndani ya masikio yangu, nami nilikuwa sijajisogeza. Kikohozi, mara mbili.

"Umeamkaje, mwanangu?"

Pumzi ya kwanza. Ya pili. Nilifungua mdomo, na nilimwona mama na ungo wake akisema usiitike. Ya tano. Ya sita. Hapo ndipo nilipoelewa kile ambacho wanafunzi walikikimbia. Hakikuwa kimya cha mtu aliyesahau. Alikuwa karibu sana, ameinama kidogo, kama alivyoinama mlangoni kwake ili anione vizuri nikipita. Ya kumi. Nilihisi joto lake upande wa kushoto wa uso wangu, na sikugeuka, kwa sababu nilikuwa na hakika. Ya kumi na moja, ya kumi na mbili. Nikasema moyoni, kama ni safari, na iwe safari.

"Nimeamka salama, baba," nikasema. Sauti ilitoka mbaya. Nikasema tena, kwa lugha yetu, kwa maneno yote yanayotakiwa, nikaongeza yasiyotakiwa: kwamba nilisikia kila asubuhi, hakuna hata asubuhi moja ambayo sikusikia.

Pumzi zikaendelea. Mluzi wa pua ukapanda, ukashuka. Nikahesabu hadi kumi na tisa.

"Haya," alisema baba. "Nimekusikia, mwanangu."

Nilitazama karatasi. Maneno hayo hayakuwamo. Mzee alikuwa peke yake ndani ya kijumba hiki siku ile, hakuna aliyemjibu, na aliyasema.

Nje ya kioo yule dada alikuwa ameinua mkono juu ya kitufe, ananiuliza kwa macho. Machozi yalikuwa yamenifika kidevuni. Nikatikisa kichwa: asikate. Akaushusha mkono, akanigeuzia mgongo, kwa adabu. Na kwenye masikio yangu kiti kikalia, baba akajiweka sawa, akaendelea na swali la pili.

"Na mama yako, umemwacha—"

Nikaitika kabla hajamaliza kuuliza.