Nepi Zilizokosa Jua

Ijumaa ile, kwenye baraza ya msikiti, mbele ya wazee wenzangu, mwenye nyumba ya wageni inayopakana na yangu aliniomba nimpe dari yangu ya juu, ile sakafu ya wazi kileleni mwa nyumba. Alitaka wageni wake wapande asubuhi wanywe kahawa wakitazama bahari. Nikamjibu, "Chukua, Bwana, sisi ni majirani." Sikumuuliza binti yangu. Laiti ningekataa.

Binti yangu alikuwa amekuja kwangu kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi yetu. Mamake alikwishafariki, kwa hiyo kazi ambazo angezifanya yeye ziliniangukia mimi. Arobaini ilipokwisha hakuondoka. Yeye na mumewe, anayefanya kazi Mokowe, ng'ambo ya maji, walikuwa wamekubali kuhamia kwangu, na mimi nilishaanza kupaka chokaa chumba chao.

Kufua nepi nilijifunza nikiwa na mvi. Zilikuwa za kitambaa cha taulo, binti yangu alizikata na kuzipinda mwenyewe. Niliondoa uchafu chooni, nikamwagia maji mpaka najisi yote itoke, ndipo nikaloweka na kufikicha kwa sabuni ya mche. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Hayatoi povu, na huacha kitambaa kigumu kama gunia. Kwa hiyo kusuuza kwa mwisho nilitumia maji ya mvua tuliyokinga. Kisha nilipanda darini na beseni langu kuanika, na jua likamaliza kazi. Nikizianua jioni zilikuwa nyeupe, zina joto, na nilipenda kuziweka shavuni kabla ya kuzikunja.

Bibi mmoja wa nyumba ya pili alinipigia kelele kutoka dirishani, "Bwana, tangu lini wanaume wa mtaa huu wakawa mayaya?"

"Tangu wanawake wake walipoanza kuchungulia dari za watu!"

Tukacheka. Sikumbuki kucheka hivyo tena tangu mwaka ule.

Jirani alipoichukua dari aliniomba, kwa adabu sana, nguo za mtoto zisionekane huko. Nikaihamishia kamba chumba cha ndani. Nyumba zetu za mawe ni baridi na zina giza, na mvua za masika zilikuwa zimeanza. Nepi za kamba nzima zilishinda kutwa zikiwa mbichi, zikaanza kunuka uvundo. Tulijaribu zile za dukani, zikamtoa mtoto vipele. Tukarudia zetu. Mapaja yake yakawa mekundu, ngozi ikachubuka, akawa analia kila akibadilishwa.

"Baba," binti yangu akaniambia, "nenda ukamwambie jirani aturudishie dari. Mchana jua hutoka kwa muda wa saa mbili tatu, hilo litatosha."

"Neno limetoka barazani, mwanangu. Watu walisikia."

"Na mtoto anavyolia, hao watu hawasikii?"

Nilichukua feni nikaielekeza kwenye kamba.

Siku chache baadaye mumewe alikuja kuwachukua. Kwa mama yake mkwe wangu huyo, Mokowe, kuna ua mpana. Binti yangu alizianua nepi, nyingine zikidondosha maji, akazitia ndani ya beseni langu la kufulia na kulibeba mwenyewe.

"Mtarudi mvua zikikatika," nikasema.

"Jua lilikuwepo, Baba. Wewe ndiye uliyeligawa."

Mvua zilikatika. Niliifunga kamba upya siku jirani aliponirudishia dari bila kuombwa, maana wageni wake walikuwa wamepungua. Ilikuwa rahisi hivyo. Ningemwendea siku ile ile binti yangu aliponiambia, pengine angenirudishia vivyo hivyo, lakini niliogopa kuonekana mtu wa maneno mawili.

Binti yangu huja Idi, na mtoto humwacha Mokowe. Huketi karibu na mlango na buibui lake halivui, na boti ya alasiri haimpiti. Hajawahi kunisema vibaya mbele ya mtu. Mtoto sasa anasoma madrasa. Idi iliyopita alikuja naye; mtoto akaniamkia, akanibusu mkono kama alivyofundishwa, kisha akamgeukia mamake akauliza, "Huyu mzee ni nani?"

Heshima ya neno langu mbele ya wazee niliilinda, na hakuna hata mmoja wao anayelikumbuka. Binti yangu hakurudi kukaa nami, na mjukuu niliyemfulia nepi kwa mikono yangu hanijui.