Neno Kabla ya Pumzi

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa mto wa kukalia, taa ndogo iliyofunikwa kitambaa cheusi, na onyo. Ukumbi wetu hapa Eldoret ulikuwa zamani ghala la ngano. Mafundi walijenga jukwaa la mbao upande mmoja, na katikati ya ukingo wake wakakata tundu la ukubwa wa dirisha la jikoni, wakalifunika kwa kijipaa ili watazamaji wasilione. Humo ndimo ningeketi, mwili chini ya sakafu na uso ukiwaelekea waimbaji. Mkurugenzi wa Muziki, ambaye sote tulimwita Mwalimu, alichuchumaa juu yangu, akanipa kitabu cha nota, akasema kwa sauti ile ya upole ambayo kila mtu aliiogopa:

“Madam, huko shuleni wewe ndiye unafundisha. Humu ndani huna maoni. Unatoa neno lililoandikwa, na unalitoa kabla mtu hajavuta pumzi. Ukichelewa, limeze.”

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya mnong'onezi wa opera. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fasihi, nikifundisha Kiswahili katika shule ya upili, na Mwalimu alikuwa amenisikia nikisoma somo kanisani Jumapili moja. Alisema konsonanti zangu zinafika ukutani. Sikuwahi kufikiri kwamba konsonanti ni kitu cha kumpatia mtu kazi.

Kwa wasiojua, opera ni mchezo wa kuigiza ambamo hakuna anayezungumza. Wanaopendana huimba, wanaogombana huimba, na anayekufa huimba mpaka mwisho. Waimbaji wetu walikuwa wauguzi, maseremala, makarani na wenye maduka, watu waliolelewa na kwaya za makanisa, waliosoma solfa, ile do-re-mi, kabla ya kusoma magazeti. Walikuja mazoezini baada ya kazi, wamechoka, na maneno huwa ya kwanza kumtoroka mtu aliyechoka. Sauti hubaki, maneno huenda. Kazi yangu ilikuwa kuyarudisha bila mtu yeyote ukumbini kujua kwamba yaliwahi kuondoka.

Nilijifunza kwamba mwimbaji hahitaji sentensi nzima. Anahitaji neno la kwanza, ambalo sisi tuliliita mlango. Ukimfungulia mlango, atajipitisha mwenyewe. Nilijifunza kwamba irabu hazinong'onezeki mbali, hivyo neno hubebwa na midomo na meno. Zaidi ya yote nilijifunza kutazama mabega. Bega la mwimbaji hupanda kidogo kabla hajavuta pumzi, na neno lazima lifike kabla ya bega. Likifika baadaye linamgonga mtu ambaye kinywa chake kimeshafunguka, naye huimba kitu ambacho hakipo katika lugha yoyote. Kutoka katika lile tundu ulimwengu wangu ulikuwa viatu, magoti na videvu. Watazamaji walikuwa mgongoni mwangu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuona uso wa hata mmoja wao wakati wa onyesho.

Kati ya opera na opera tulipelekwa kwenye nyumba kubwa za mtaa wa Elgon View, ambako familia zilitualika tupige muziki wa sebuleni: fidla mbili, viola na selo, wakati mwingine na piano. Huko hapakuwa na maneno. Nilikaa kando ya mpiga piano nikimfungulia kurasa, na nilizipenda alasiri hizo kama mtu anavyopenda usingizi wa mchana. Mvua ya Eldoret ilipoanza kupiga vigae, wapigaji wanne walishusha nyuta zao magotini, wakangoja. Hakuna aliyeomba radhi. Mwenye nyumba aliongeza chai. Mvua ilipopungua, mpiga viola aliinua kidevu, wenzake wakamtazama, na wimbo ukaendelea pale ulipokuwa umeachwa, kana kwamba mvua ilikuwa imeandikwa humo. Mara nyingi nilirudi nyumbani bila kukumbuka ni lini muziki ulikwisha, nikausikia tena katika maji yaliyodondoka kwenye pipa.

Tulipita mikononi mwa wakubwa kadhaa. Mwenyekiti wa kwanza wa Kamati iliyotusimamia alitupeleka katika ukumbi wa shule, ambako mwangwi ulirudisha kila neno mara mbili. Wa pili aliturudisha kwenye ghala letu. Huyu wa pili alikuwa mtu nadhifu, mstaafu wa benki, aliyeogopa aibu kuliko moto. Mwalimu ndiye aliyebaki pale pale, akitunga, akifuta, akitunga tena.

Mwimbaji wetu mkuu wa besi alikuwa Mzee Kariuki, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi mtaani Munyaka. Sauti yake ilianzia chini ya mbao nilizoegemea. Niliisikia mbavuni kabla ya kuisikia masikioni. Alikuwa mtani. Nikimpa neno ambalo tayari analo, aliimba mstari wake wote, kisha akainama kidogo kana kwamba anafunga kamba ya kiatu: “Madam, hilo nilikuwa nalo. Wapatie maskini.”

Halafu ikafika miaka ambayo hakunirudishia neno lolote. Kwanza aliniomba milango tu. Baadaye alihitaji mistari. Kisha msimu mmoja, Mwalimu alipomaliza opera fupi aliyoitunga mwenyewe, ya mkulima aliyemfukuza binti yake na kumpokea tena uzeeni, Mzee alifika mazoezini akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Alikuwa amekuja na bintiye Wambui, mwenye duka la dawa mtaani Kimumu. Wambui alisimama mbele ya Kamati na mkoba wake begani, hakukubali kiti. “Mwalimu, kwa heshima yote, mzee wangu msimpandishe huko watu wamcheke. Mimi mwenyewe amesahau jina langu. Siku hizi ananiita nesi.”

Mwenyekiti alisema kwamba sisi si hospitali, na kwamba palikuwa na kijana mzuri wa besi aliyekuwa akingoja nafasi. Mzee Kariuki, ambaye sote tulidhani hasikii, aligeuka. “Wewe nesi,” akamwambia binti yake, “wachana na wazee waimbe.”

Watu walicheka, na Wambui pia alicheka, akiwa ameukaza mkoba wake mkononi. Mwalimu akanitazama. Aliniuliza mbele ya wote kama naweza kumbeba Mzee kutoka mwanzo hadi mwisho, kila neno. Nikasema naweza, mradi wapiga nyuzi, wale wa fidla, viola na selo, wasikimbie. Wambui alinifuata nje, kwenye baridi ile ya jioni inayoshuka kutoka mashambani na harufu ya majani ya mahindi. Alisema kwamba mzee akikwama mbele ya watu, yeye hatajisamehe, na mimi pia hatanisamehe.

Mimi na Mzee tulifanya mazoezi peke yetu, yeye jukwaani na mimi katika tundu langu, wiki baada ya wiki. Muziki wote ulikuwa mahali pake ndani mwake. Hakukosa nota hata moja. Maneno tu ndiyo yaliyokuwa yamehama. Nilimtolea moja moja, naye aliyapokea moja moja, akiyaimba kana kwamba ameyaokota sakafuni muda huo huo. Nitasema ukweli: sijawahi kusikia maneno yakiimbwa vizuri hivyo. Wengine walikuwa wameyazoea. Yeye kila neno lilimshangaza.

Onyesho lilikuwa Jumamosi alasiri. Mvua ilikuwa imekatika, na mabati yalilia kidogo kidogo yakipoa. Mzee aliingia na koti la mkulima, nami nikaanza kumpa. Alichukua kila kitu. Tulivuka ugomvi, tukavuka miaka ya upweke, tukafika mahali ambapo binti anarudi. Chebet, muuguzi aliyeimba nafasi ya binti, alipiga magoti mlangoni. Nyuzi zilishikilia sauti moja ndefu, viola juu ya zingine, na juu ya sauti hiyo baba alipaswa kumwita binti yake kwa jina, mara moja tu. Jina lililoandikwa lilikuwa Selina. Kisha kwaya ya majirani ingelipokea jina hilo na kuimba kwamba amerudi.

Nilitazama bega lake. Nikatoa jina: Selina. Bega likapanda. Mzee Kariuki alimwangalia Chebet, kisha akaangalia kupita kichwa changu, kuelekea ule ukumbi ambao mimi siuoni, akaimba: “Wambui.”

Kwa sikio hapakuwa na kosa. Majina hayo mawili yana silabi tatu tatu, na uzito wa kila moja uko katikati, pale ambapo Mwalimu alikuwa ameweka nota ndefu. Lakini kwaya ilikuwa na mapigo machache tu kabla ya kujibu. Kama ingejibu Selina, Mzee angejua kwamba amekosea, na ukumbi mzima ungejua pamoja naye, na binti yake akiwa amekaa humo. Nilikuwa na muda wa uta mmoja kuvuka uzi. Nikageuza uso kwa kwaya, nikatoa neno ambalo halikuandikwa popote, kwa midomo iliyofunguka kuliko nilivyowahi kuifungua: Wambui.

Waliniamini. Maseremala, makarani, akina mama wa alto, wote waliimba kwamba Wambui amerudi. Chebet akiwa magotini aliinua uso akajibu, “Baba, ni mimi,” kama ilivyoandikwa. Katika kioo kidogo kando ya taa yangu niliuona mkono wa Mwalimu akituongoza; haukusita. Alitupa jicho moja kwenye tundu langu, akaendelea kupiga mapigo hadi mwisho.

Baadaye nyuma ya jukwaa aliniambia tu, “Leo ulikuwa na maoni.” Mzee alikuwa ameketi na kikombe cha uji, akiuliza onyesho litaanza saa ngapi. Wambui alimfunga vifungo vya koti, akamshika mkono, wakaondoka.

Nilistaafu baada ya msimu huo, mapema kuliko nilivyotarajia. Daktari alichungulia koo langu, akanieleza jambo ambalo hakuna mkubwa wangu aliyewahi kuniambia: kunong'ona husugua nyuzi za sauti kuliko kusema. Aliniruhusu kuzungumza, hata kuimba. Kunong'ona alinikataza kabisa. Kamati iliweka skrini ndogo mahali pa uso wangu, na maneno hupita humo yakiwa meupe juu ya weusi. Sina kinyongo nayo. Haipati baridi wala haikohoi. Lakini vijana mnaoimba mkiitazama, nawaomba mfahamu kwamba skrini haioni mabega yenu. Jitunzieni pumzi wenyewe.

Siku hizi mara nyingi nakaa kwenye kiti changu alasiri nikisikia mistari ikija, na midomo yangu hutembea bila sauti, kabla ya bega la mtu ambaye hayupo. Sijui kama hiyo ni kumbukumbu au ndoto.

Mwezi uliopita nilikwenda Kimumu kwa Wambui kununua vidonge vya koo. Dukani palikuwa na wateja wakingoja. Aliniamkia, akaniuliza hali ya koo, nami nikamuuliza hali ya mzee. Akasema anakula vizuri, ila sasa haongei sana, na nesi pia amemsahau. Alinifungia dawa polepole sana. Kisha akainama juu ya kaunta.

“Madam, lile jina. Ni wewe ulimpa?”

Nikaelewa kwa nini hakuwa ameniuliza muda wote huo. Bila kuuliza, aliweza kubaki na nusu ya tumaini kwamba baba yake alimkumbuka.

Sikuweza kumjibu kwa siri, hata kama ningetaka. Nilisema kwa sauti yangu kamili, na wateja wote wakageuka. “Hapana, Wambui. Mimi nilimpa Selina.”

Alisimama akiwa ameshika dawa zangu, hanipi.

“Sema tena,” akasema.

Nikasema tena.