Vikombe Vilivyoshushwa Kichwani mwa Kreni

Wewe unayesoma umepita chini ya ile kreni leo asubuhi, umeinamia simu yako. Usibishe. Hukutazama juu, kama ambavyo hukutazama mwaka ule ilipodondoka ile nyingine, kwenye ghorofa la benki. Tuliambiwa ni mapenzi ya Mungu, nawe ukaitikia amina.

Saa moja asubuhi, mwanamke mmoja amepiga magoti juu ya paa la bati la ofisi ya ujenzi. Mkono mmoja una mswaki mkuukuu. Wa pili umeshika kifaa cha kupimia upepo: vikombe vitatu vinavyozunguka, na kishale cha kuonyesha unatoka wapi.

Vumbi la saruji likipata umande huganda kwenye mhimili. Vikombe huwa vizito, na upepo wa kung'oa mabati ukasomeka kama wa kupoza uji. Kuvisugua ndiyo kazi yake, na wenzake wanamwita Fundi Vikombe.

Ila siku hizi anasugua kitu kilichowekwa pasipo maana. "Huku ukuta, kule rundo la matofali," anasema. "Ni kama kumpima mtu homa kwenye kiatu."

Mahali pake ni kileleni mwa kreni. Huko upepo ukizidi, king'ora hulia na kazi husimama. Kilipolia mara nyingi mno, msimamizi aliamuru kifaa kishushwe. Tangu hapo kreni haijasimama, na mabosi wanatabasamu.

Kule juu, kwenye kibanda cha vioo, ameketi mdogo wake aliyemfuata ziwa. Waliomba mafunzo ya kuendesha kreni pamoja. Mdogo akachukuliwa, mkubwa akaambiwa umri umemtupa mkono. Leo mdogo analipwa mara tatu yake, ana feni, na wageni wakija hupiga naye picha.

"Namwonea wivu, sikufichi," anasema Fundi Vikombe, akitia grisi. "Tukienda kwa mama, yeye anapewa kiti, mimi napewa mtoto wake nimshike. Hata kunguru wanaotua kwenye kile kibanda nawaonea wivu. Ngazi ile nimeipanda miaka yote, hakuna aliyewahi kuniambia kaa."

Wivu huo kiwanja kizima kinaujua. Ndiyo maana alipomwendea msimamizi kumwomba kifaa kirudishwe juu, alichekwa. Akaambiwa anachotaka ni mdogo wake ateremshwe. Waashi nao wamepata la kusema: kila akipita wanamuuliza leo amemtegea mdogo wake upepo gani.

Saa ya chakula mdogo anashuka, anakaa kando yake juu ya ubao.

"Dada, kama kiti unakitaka, sema. Usinitishie upepo."

Fundi Vikombe anaweka sahani chini. "Nakitaka. Nimekataa lini? Lakini kikianguka, mimi nitakalia nini?"

Mdogo anatafuna polepole. Kisha anasema, kwa sauti ya chini, kwamba jana mzigo uliyumba mpaka akajishikilia kwenye kioo. Kwenye skrini yake upepo ulisomeka mdogo tu.

"Kamwambie msimamizi. Mimi wivu umenifunga mdomo. Wewe umefungwa na nini?"

"Kiti," anajibu mdogo. Anavaa helmeti, anarudi kwenye ngazi.

Dada mtu anamtazama akipanda mpaka anakuwa mdogo kama kidole. Haombi cheo wala mshahara wa mtu. Anataka vikombe virudi kileleni kabla ya msimu wa upepo, ambao umeshaanza kutikisa maturubai.

"Akishakuwa salama," anasema, "nitamwonea wivu mpaka nizeeke, kwa raha zangu."

Basi kunja gazeti. Nenda pale getini sasa hivi, kabla mzigo mwingine haujanyanyuliwa, uinue hayo macho. Usipoona vikombe vikizunguka kule juu, mwite msimamizi, muulize vimekwenda wapi, na usibanduke mpaka vipandishwe. Wewe hawezi kukuambia una wivu.