Chungu Katikati ya Njia ya Pamba

Mwanangu, sogea. Leo nimemkumbuka shangazi yangu Mwavita, na nikimkumbuka yule mama siwezi kunyamaza. Ilikuwa enzi ya Wabelgiji, huku kwetu Kabambare, wakati kila nyumba ililazimishwa kulima pamba. Pamba ilikuwa nyingi hata ungedhani mawingu yameshuka kupumzika. Mimi nilikuwa kijana wa shingo nene. Vikapu nilivyobeba kichwani, tembo angeviomba radhi.

Dada yangu alikuwa na mtoto, Feza. Alipoachishwa ziwa, kwa sababu mama yake alishika mimba nyingine, miguu ikaanza kuvimba na nywele zikawa nyekundu kama ndevu za mahindi. Na kula alikula! Bukari, yaani ugali wa muhogo, asubuhi, bukari ya muhogo jioni. Wengine wakanong'ona kwamba ni uchawi. Mimi jambo lile lilinikosesha raha: mtoto anashibaje, huku anaisha? Niliuliza kila mtu, hata mbuzi nusura niwaulize.

Jibu nililikuta kijiji cha Wamaza, nilipokwenda kumsalimia shangazi. Uani kwake, watoto wote wa kijiji walioacha ziwa walikuwa wamezunguka chungu kimoja, mashavu yamejaa kama wapiga baragumu. Nikamweleza shangazi habari za Feza, nikachungulia ndani. Uji wa mahindi, karanga za kutwanga, unga wa ndagala, vile visamaki vikavu, mawese kidogo; Feza wetu alikuwa akipewa muhogo mtupu.

"Shangazi, hii yote nani analipa? Muzungu?"

Alicheka hadi akaweka mwiko chini. "Muzungu wa dispanseri alituletea maziwa ya unga. Mazuri kabisa! Halafu mvua ikanyesha, kamyo ya kubeba maziwa ikalala mu matope, maziwa yakaisha. Matumbo ya watoto hayakungoja kamyo, baba. Sasa iko shamba la karanga la watoto, wamama tunalima kwa zamu. Na wanaume, siku ya soko ya pamba, wananunua kwanza ndagala na chumvi ya chungu hiki. Kitambaa na pombe, nyuma."

"Na wanaume wanakubali?"

"Soko ya pamba ya kwenu iko karibu. Nitakuja. Utaona vile wanakubalishwa."

Nilirudi mbio, naona njia ni ndefu kwa hamu ya kujua. Nikamweleza shemeji yangu Asumani, baba yake Feza. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka. "Uji wa watoto ni kazi ya wanawake na dispanseri," akasema. "Mimi pamba imenikunja mugongo kama upinde, na wewe unaniletea karanga?" Feza alikuwa amekaa mlangoni, hana hata nguvu ya kufukuza nzi.

Siku ya soko shangazi akaja kwa miguu, chungu kichwani. Akakiweka kitupu katikati ya njia ya kutoka sokoni, mahali penye kichaka kuume na kushoto, akaketi kando yake. Kwetu, mwanaume kuruka chungu cha watoto ni kujitakia balaa. Basi waliotoka sokoni wakasimama. Na nyuma yao wengine. Foleni ikawa ndefu, mkia wake nadhani ulikuwa mjini Kasongo.

Mbele ya wote alikuwa Asumani, mkononi kengele mpya ya kinga, yaani baiskeli, anaipiga kri-kri.

"Mukwe wangu, nini hiyo?" shangazi akauliza.

"Kengele ya kinga, mama."

"Na kinga iko wapi?"

"Itakuja, mama. Mwaka kesho, Mungu akipenda."

Watu wakaangua kicheko. Shangazi hakucheka. "Kengele inangoja kinga. Sawa. Na Feza anangoja nini?"

Asumani akaitazama kengele, akageuka, akarudi dukani alikoinunua. Alipotokea tena alikuwa na mfuko wa ndagala, na kri-kri haikusikika. Wengine nao wakafungua mizigo: chumvi hapa, mbegu za karanga pale. Chungu kikajaa, tukaleta kikapu.

Mimi nilidhani shangazi atashukuru. Wapi! Akasimama, mikono kiunoni. "Leo mumetoa sababu nimewafungia njia. Mimi miguu yangu ni ya zamani, sitafunga kila soko. Shamba la watoto liko wapi?"

Asumani ndiye aliyejibu, sauti chini: "Chukueni lile langu la karibu na kijito."

Tulililima, tukawapikia watoto uji kama wa shangazi. Uvimbe wa miguu ya Feza ukapungua polepole, polepole sana, hata tukakaribia kukata tamaa. Kisha asubuhi moja akamfukuza kuku kuzunguka nyumba, na Asumani akaketi chini akalia. Leo Feza ni bibi. Akiita wajukuu kula, watu wa ng'ambo ya mto Lualaba wanageuka.

Baadaye nilisoma shule ya usiku Kasongo, wakanifundisha majina marefu ya nguvu iliyo ndani ya karanga. Mazuri hayo. Lakini nakuusia hivi: msaada ukija, upokee kwa mikono miwili, ila usimwache mtoto angoje kamyo. Ukipata malipo ya jasho lako, toa sehemu ya chungu cha watoto kabla ya kununua kengele. Tengeni shamba lao, mulilime hata mwaka ambao hakuna aliyewafungia njia. Na ukiona mtoto anashiba huku anaisha, usikimbilie uchawi. Uliza anakula nini.

Nenda, mwanangu. Mungu aifanye mvua yako ije kwa kipimo, karanga zako zijae maganda, na mlangoni kwako wasikose watoto wenye nguvu za kufukuza kuku.